Pua ya Nedyalka

Kila Jumanne saa nne Denitsa hubisha hodi
na kisanduku chake cha mbao, vichupa kumi na viwili
vimelala ndani kama risasi.
Huvua viatu, husugua viganja vipate joto,
kisha huniuliza, "Mzee Velichko, amelalaje?"
Hakulala. Usiku kucha alifungua makabati
akitafuta koti la mtoto ambaye hatukumzaa.

Daktari wa Plovdiv alitupa vidonge, akatupa na ukweli:
hakuna kitakachorudisha kilicholiwa.
"Hayo mengine, mafuta, muziki, kukandwa,
si tiba. Yakimtuliza, heri. Yasipomtuliza, acheni."
Nilimpenda kwa maneno hayo machache,
maana shemeji yangu alileta unga wa uyoga
kwa bei ya pensheni ya mwezi mzima,
na bangili ya shaba
ambayo Nedyalka aliitumbukiza kwenye supu.

Tulijaribu taa nyeupe ya asubuhi;
akaizima, umeme ni ghali.
Tulijaribu sindano za yule bwana wa karibu na stesheni;
alizing'oa moja moja, akazichomeka
kwenye mto wake wa kushonea, zikapangika vizuri.
Tulijaribu muziki. Hapo alilia,
nami sikujua kilio kile ni cha mlango kufunguka
au kufungwa.
Nikazima redio.

Mimi nilikuwa karani wa mizani kiwandani.
Magunia ya waridi yalifika kabla ya jua, yamelowa,
na kazi yangu ilikuwa kutoa umande kwenye hesabu
huku wachumaji wakinitukania marehemu mama.
Yeye alikuwa ndani, penye mvuke na mapipa ya shaba,
akinusa tone moja kwenye kipande cha karatasi:
hili la bondeni, hili la jana,
hili mmeliunguza, wahuni nyie.
Wakubwa walimwogopa.
Miaka thelathini na moja pua ile haikuteleza.

Sasa jina langu limemtoka.
Huniita wewe. Huniita bwana wa gesi.
Siku moja aliniita baba,
nikaitika. Ningefanyaje?

Leo Denitsa alianza na lavenda,
akamkanda kidole kwa kidole, taratibu,
na Nedyalka akamwachia mkono
kama mtu aliyeazimisha sufuria.
Kisha kikafunguliwa kichupa cha mwisho.
"Hii ni waridi, bibi. Waridi tupu."

Alinyanyua kichwa.
Akanusa. Akafumba macho, akanusa tena,
nami nikasikia friji ikinguruma jikoni.

"Jeraniamu," akasema.
"Yamechakachuliwa haya, mwanangu. Sehemu tatu kwa kumi,
labda nne. Nani aliyepokea mzigo?"

"Mimi," nikasema.

Akanitazama. Akanitazama hasa.
"Wewe mizani unaijua," akasema, "lakini pua huna."

Ndiyo maneno aliyoniambia mara ya kwanza kabisa,
mlangoni pa kiwanda, mwezi wa tano, nikiwa kijana
na kalamu sikioni.
Nilicheka hadi Denitsa akaniletea maji.
Msichana wa watu, uso umemwiva kwa aibu,
alikuwa akiandika jina la duka ili akagombane nao.

Nilipogeuka, Nedyalka alikwisha ondoka tena.
Aliuliza mama yake atafika saa ngapi.

Usiku huu amelala saa tano bila kuamka.
Sisemi ni mafuta; huenda ni uchovu,
huenda ni ile raha ya kumgombeza mtu kwa haki.
Naandika kama karani, pembeni mwa kalenda:
saa tano.
Umande nimeshautoa.